Toleo la Sabini

Nelius Ruguru ukimuuliza kwao ni wapi, atakwambia Embu. Ukimbana kidogo atasema Manyatta, kule kwenye baridi na kahawa, halafu atakuuliza wewe umekula nini mchana. Ni kweli alisoma sekondari Manyatta akikaa kwa shangazi yake. Lakini kwao hasa ni chini kabisa, Mbeere, kupita Siakago, nchi ya jua na miiba na mbuzi, ambako mtoto anajifunza kubeba maji kabla hajajifunza kusoma. Mimi nilikaa naye meza kwa meza miaka kadhaa bila kulijua hilo, na mimi si mtu wa kukosa kuuliza.

Naitwa Beverlyne na kazi yangu ni kupokea simu. Ofisi yetu iko Kinoru, mjini Meru, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na siku ya mechi uwanjani hatusikilizani kabisa. Tunatengeneza app ya wafugaji wa mbuzi. Mfugaji anaandika humo mbuzi wake, nani amechanjwa, nani amezaa, nani anaumwa, na mnunuzi anayetaka mbuzi mwenye afya anampata humo humo. Wateja wetu wengi ni wazee wa nyanda za chini. Wakikwama wananipigia, na swali langu la kwanza huwa moja: mzee, hapo chini kabisa kwa screen umeona namba gani?

Namba hiyo ndiyo toleo. Wahandisi wakishamaliza kurekebisha kitu, kuna mashine inayochukua kazi yao, inaipika yenyewe kuwa app kamili, inaigonga muhuri wa namba inayofuata, kisha inaituma kwa simu za watu bila mkono wa mtu kuigusa. Wao husema inabuild. Mimi nasema inapika, na wamechoka kunirekebisha. Kuhusu hizo namba kuna sheria moja ambayo hata mimi niliielewa mara moja: zinapanda, hazishuki. Simu yenye toleo la arobaini itapokea arobaini na moja, itapokea hata mia moja, lakini ukiiletea thelathini na tisa itakataa katakata. Kuruka mbele ni ruhusa, kurudi nyuma hakuna.

Mashine hiyo ilikuwa mtoto wa Nelius. Yeye ndiye aliyeiweka, na yeye ndiye aliyeamua namba ya toleo iandikwe kwa herufi kubwa chini ya screen ili wazee waweze kunisomea bila miwani. Ni mwanamke wa akili nyingi na maneno machache, nguo zake zimepigwa pasi hata Jumamosi. Simu ya kwao ikilia alikuwa anatoka mpaka kwenye ngazi, anafunga mlango nyuma yake, anaongea kwa sauti ya chini. Sisi tuliobaki ndani tulikuwa tumeshakata shauri kwamba ni mume wa mtu.

Kumbe ni baba yake. Anaitwa Ireri, na mimi nilikuwa namjua vizuri sana bila kujua ninamjua, kwa sababu alikuwa mmoja wa wateja wetu wa kwanza. Alikuwa anapiga simu anaanza na kicheko. "Ni Ireri mwenyewe, mami." Akina Ireri huko Embu ni wengi kama mawe, kwa hiyo hata jina la tatu la Nelius, ambalo ni hilo hilo, halikunishtua. Naye mzee hakusema kitu. Binti yake alimwambia kazini hawapendi mambo ya jamaa, kwamba akisikika anaongea na babake ataonekana anampendelea mteja. Mzee akakubali, akaiheshimu hiyo kama sheria ya serikali. Haya yote Nelius aliniambia baadaye, baada ya mambo kuharibika, na nilimkasirikia sana kabla sijamhurumia.

Niseme jambo moja ili mwone ubaya wake. App yetu haimuulizi mtu ana mbuzi wangapi. Inamuuliza jina la mbuzi, rangi yake, mama yake ni nani, basi. Haijumlishi popote. Kampuni nyingine ilikuja na app ya kuhesabu, wazee wakaikataa, wakaja kwetu. Siku moja mkurugenzi wetu, Teresia, alimsimamisha Nelius mbele ya wageni kutoka Nairobi, akamuuliza wazo hilo la busara alilitoa wapi. Nelius akajibu, "Research." Utafiti wenyewe ulikuwa mzee Ireri, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuhesabu mbuzi wake kwa mdomo. Jioni anasimama mlangoni mwa zizi anawatazama wakiingia, na kama mmoja hayupo anajua ni nani, vile wewe unavyojua ni nani hayupo mezani. Tulimpigia Nelius makofi, naye akayapokea.

Sasa, katika ukoo wao saba haiguswi. Babu yake Nelius alikuwa akichunga mbali, na hakulaza mbuzi malisho mamoja usiku wa saba. Usiku wa sita ukiisha alihama hata kama nyasi bado zilikuwa nzuri. Mzee Ireri ni mzee wa kanisa na hakosi ibada, lakini hilo la babake hakuliacha. Mchungaji alipomuuliza mbona Biblia imejaa saba, alimjibu kwamba hata Mungu mwenyewe siku ya saba aliacha kazi. Mchungaji hakumuuliza tena.

App yetu ilipofika toleo la saba, ile simu ya kwenye ngazi ililia.

"Nelius, mmetuletea nini hii? Mimi siwezi kuandika mbuzi hapo."

"Vava, hiyo ni namba tu," akamwambia baba yake.

"Kama ni namba tu, basi iruke."

Kesho yake toleo la nane likatoka. Pamoja na hilo Nelius akaiwekea mashine amri: ikikutana na namba yoyote iliyo na saba ndani yake, iipite, ichukue inayofuata. Kumi na saba ikarukwa, ishirini na saba ikarukwa, na hakuna aliyeona. Wahandisi wana desturi ya kuandika maelezo mafupi kando ya amri ili anayekuja nyuma ajue sababu. Nelius aliandika kwamba ni takwa la duka la app, isiondolewe. Hakuna takwa kama hilo. Angeweza kuandika "baba yangu," maneno mawili, na hakuna mashine iliyowahi kumcheka mtu.

Hayo yakakaa hivyo mpaka mwaka huu, tulipompata Mutegi. Mutegi ni mhandisi kijana kutoka upande wa Nkubu, mpole, mtu wa kupanga viatu mlangoni. Alipoingia alileta sheria kwamba hakuna anayebadilisha kitu kwenye mashine mpaka mtu wa pili akisome na kukikubali, na ni sheria nzuri, wacha niseme ukweli. Kisha akahamisha upishi wote kwenda kwenye mashine mpya. Wakati huo wazee walikuwa na toleo la sitini na tisa. Mutegi akajaribu kupika linalofuata, na mashine ikamletea themanini. Akajaribu tena, themanini. Alikuna kichwa karibu siku nzima akitafuta kosa limejificha wapi.

Katika wiki hiyo hiyo tulikuwa tumewaalika wawakilishi wa wafugaji waje waone toleo jipya lenye kengele ya kukumbusha chanjo. Vikundi vilichagua watu wao vyenyewe. Wakaja watatu, na aliyetangulia ngazini alikuwa mzee Ireri, kavaa koti zito la Jumapili kwenye jua la Meru, kofia mkononi, na kidumu kidogo cha asali ya kwao. Alimletea nani hiyo asali kama si binti yake na watu anaofanya nao kazi? Nelius alikuwa amesimama mlangoni kuwapokea. Nilimwona uso umembadilika, lakini nilidhani ni uchovu.

"Karibuni sana," akasema, kisha akatugeukia sisi. "Huyu ni mzee mmoja wa huko Mbeere, ni mteja wetu wa siku nyingi."

Mzee alimtazama kidogo. Kisha akampa mkono, akainamisha kichwa na kusema, "Asante, madam."

Mimi nilifurahi kuisikia ile sauti ya simu ikiwa na mwili. Nikamchukua, nikamkalisha karibu na meza yangu, nikapokea asali. Kabla mkutano haujaanza, mlango ukasukumwa, akaingia mama yake Mutegi na kikapu cha ndizi na nduma zilizochemshwa, kama anavyofanya akiwa na shughuli mjini. Sisi sote tunamwita mum. Alimwuliza Teresia habari za goti lake, akanipigia kofi la mgongo, akamkemea Mutegi kwa kukonda. Mzee Ireri aliyatazama hayo yote, kofia juu ya magoti.

"Kumbe jamaa wanakubaliwa kuingia hapa," akaniambia taratibu.

"Eeh mzee, hapa ni kama nyumbani," nikamjibu, na nikamwongezea nduma.

Mkutano ukaanza. Mutegi akatupa picha ya app mpya ukutani, akaeleza kengele ya chanjo, wazee wakaitikia vizuri. Kisha akaonyesha chini ya screen, palipoandikwa themanini, akasema wasishangae, ni kosa ambalo lingerekebishwa kabla haijatumwa, kwa kuwa baada ya sitini na tisa inakuja sabini. Akafungua hapo hapo ukutani ile amri ya mashine na maelezo yake.

"Lakini Nelius, si wewe ndio uliandika hii kitu? Inaruka kila saba. Umeandika ni requirement ya app store. Nimeangalia, hakuna kitu kama hiyo."

Hakuwa anamtega. Mutegi hana ubaya huo, aliuliza kama mtu anayeuliza ufunguo uko wapi. Lakini Teresia aligeuka, na mimi nikageuka, na wazee watatu wakageuka, na Nelius alikuwa katikati ya macho hayo yote na uongo wake umeandikwa ukutani kwa herufi za mwanga.

Angesema hapo. Kila ninapokumbuka, huwa nafika mahali hapa nikasimama. Baba yake alikuwa ameketi karibu naye vya kutosha kumgusa.

Alicheka. Kicheko chake cha kawaida ni kifupi na kizuri, na hiki hakikuwa hicho. "Ah, hiyo," akasema. "Hiyo niliweka zamani juu ya wazee fulani huko chini. Unajua hawa watu wetu wa huko, na hizo imani zao za kuogopa namba. Ni mambo ya kizamani. Toa tu."

Tukacheka na sisi, kwa sababu alicheka. Mutegi peke yake hakucheka. Aliwageukia wageni kwa heshima.

"Wazee wetu, kuna mtu ako na shida na hiyo saba? Mkisema, tunaiacha."

Wale wawili walitazamana, na mmoja akafungua mdomo. Mzee Ireri aliwahi kusimama. Alisimama wima na kofia kifuani kama anayetoa ushuhuda kanisani, na hakumtazama Nelius hata kidogo.

"Hakuna mtu," akasema. "Hayo yalikuwa maneno ya watu wa kitambo. Lete sabini."

Wakaenda zao jioni. Nelius aliwasindikiza hadi juu ya ngazi, si zaidi. Aliporudi alikaa mbele ya kompyuta yake bila kuandika kitu, na nilipomwuliza kama anataka asali kidogo kwa mkate alisema ana asidi. Mutegi akaiondoa ile amri. Nelius ndiye aliyekuwa mtu wa pili wa kuikubali, na aliikubali. Mashine ikapika sabini, ikaituma, na simu za wazee zikaipokea zenyewe usiku wakiwa wamelala. Na kwa vile mashine mpya ilikuwa na bidii na Mutegi alikuwa na mengi ya kurekebisha, sabini na moja ikafuata, na sabini na mbili. Kila iliyokuja ilikuwa na saba mbele, na kurudi sitini na tisa haiwezekani.

Tangu siku hiyo mzee alibadilisha salamu yake. Akipiga simu hakusema tena "Ni Ireri mwenyewe." Alisema, "Hapa ni mzee mmoja wa huko Mbeere." Mimi nilidhani ni utani, nikawa namwitikia, "Na hapa ni msichana mmoja wa huko Meru." Alikuwa hacheki sana, lakini wazee wengine hucheka kwa ndani.

Nelius alikwenda kwao mwishoni mwa mwezi. Alifika jioni mbuzi wakirudi, akamkuta baba yake mlangoni mwa zizi akiwatazama kama kawaida. Kwenye nguzo ya zizi, juu ya urefu wa mbuzi kufika, kulikuwa na mfuko wa plastiki umening'inia, na ndani yake simu. Mama yake alimweleza wakipika. Tangu lile toleo liingie, mzee haingizi simu ndani ya nyumba. Inalala nje kwenye nguzo. Asubuhi anakwenda hapo hapo, anaitoa, anaandika mbuzi wake mmoja mmoja, anairudisha kwenye mfuko ule, ananawa mikono ndipo anywe chai.

Nelius alimwendea. Akamwambia aache kuandika, aifute kabisa hiyo app kama inamsumbua.

"Nilisema mbele ya watu kwamba hakuna shida," mzee akamjibu. "Unataka niwe mtu wa maneno mawili?"

"Basi nitairudisha ile amri, Vava. Naweza kuruka mpaka themanini. Ni kazi ndogo."

"Utawaambia ni kwa nini?"

Nelius akageuka kutazama mbuzi.

"Basi iache," mzee akasema, na akaanza kufunga zizi. "Wewe uko na kazi nzuri na watu wanakuheshimu. Mimi yangu iko nje, hainisumbui. Usiende kujiaibisha kwa sababu ya simu."

Aliniambia kwamba hapo alitamani baba yake amtukane. Angalau kelele ingekuwa na mwisho. Jumapili aliondoka mapema bila kungoja ibada, kwa sababu hakutaka kukaa benchi moja naye watu wakimpongeza mzee kwa kuzaa mtoto msomi.

Alirudi Kinoru na hakufanya kitu. Hilo ndilo linalomtesa mpaka leo, kuliko hata kile kicheko. Kicheko kilimtoka ghafla, anasema, lakini wiki zile za kukaa kimya alizichagua asubuhi baada ya asubuhi. Zamani angeirudisha amri kimyakimya na uongo mwingine kando yake. Sasa sheria ya Mutegi ilikuwepo. Ilibidi mtu wa pili asome, na mtu wa pili angeuliza. Nilikuwa naona anaandika mstari mmoja, anautazama, anaufuta. Nikadhani ni mapenzi yamemshinda.

Kisha mvua za Novemba zikaja. Huko chini haziji kwa adabu. Asubuhi moja simu ya ofisi ililia, nikaiweka kwenye spika, kwa maana Mutegi alikuwa ametuomba tuwe tunamsikilizisha shida za wateja.

"Habari, mami. Hapa ni mzee mmoja wa huko Mbeere. Hii simu ni ya jirani."

"Mzee Ireri, si nakujua sauti. Kuna nini?"

"Simu yangu imenyeshewa. Maji imeingia, imekufa. Hiyo chanjo ya juzi niliandika yote, na watoto waliozaliwa, lakini network ilikuwa bado kushika. Nilikuwa nauliza kama hapo kwenu mnaweza kuona."

Nikatazama. Hazikuwepo. Mahali pasipo mtandao, maandishi hukaa ndani ya simu mpaka ishike, na simu ikifa nayo, hakuna wa kuyafufua. Nikamwambia pole.

"Haidhuru. Nitakumbuka. Wale nawajua."

"Lakini mzee, simu ilinyeshewa aje? Ilikuwa wapi?"

"Nje. Nilisahau."

"Usiku wote?"

Nilikuwa nasikia mvua kwenye mabati ya jirani yake. "Nilisahau, mami. Ni uzee."

Nyuma yangu kiti kikasukumwa kwa nguvu hadi kikagonga ukuta. Nelius alikuja akasimama kwenye meza yangu, akaishika kwa mikono yote miwili. Mzee huyo hajawahi kusahau kitu maishani mwake, hata mbuzi aliyekufa Nelius akiwa darasa la kwanza bado anamtaja kwa jina, na sasa alikuwa anajiita mzee wa kusahau mbele ya ofisi nzima.

"Vava," akasema. "Ni mimi."

Kisha mzee, kwa adabu ileile ya mlangoni: "Habari ya kazi, madam."

"Usiniite hivyo."

"Uko na watu?"

"Niko na watu. Wote wanasikia." Akainua uso akatutazama, Teresia mlangoni mwa ofisi yake, Mutegi na kikombe mkononi, mimi. Machozi yalikuwa yameanza na hakuyapangusa. "Huyu ni baba yangu. Siku ile alikuja hapa mkamwona, na nikasema ni mzee mmoja. Hiyo saba ni yake. Niliirukisha kwa sababu yake, nikaandika uongo, halafu nikamcheka hapa, akiwa ameketi hapo. Simu ilikuwa nje kwa sababu hataki hiyo namba ilale ndani ya nyumba yake, na hataki kusema, juu yangu. Na ile kitu ya kutohesabu mbuzi, Teresia, haikuwa research. Ni yeye."

Kwenye spika mzee alikuwa akimwambia kwa Kimbeere aache, aache, yatosha, kama unavyomnyamazisha mtoto aliyeanguka. Sisi hatukujua tuweke macho wapi. Nilijitazama viatu, nikakumbuka utani wangu wa msichana mmoja wa huko Meru, nikaona joto limenipanda shingoni.

Mutegi ndiye aliyesema kitu. Aliweka kikombe chini.

"Si ungesema tu," akamwambia. "Kuruka ni line moja."

Hakuisema kwa ukali. Lakini nilimwona Nelius akiyapokea maneno hayo kama mtu aliyemwagiwa maji. Tungemcheka, angalau angekuwa na sababu ya miaka yote ile ya kwenye ngazi. Angekuwa alijificha kutokana na kitu. Na sasa ilionekana kwamba chumba hiki alichokiogopa kingesema sawa, kingeruka, na kingeendelea kula nduma.

Aliandika ile amri upya asubuhi hiyo hiyo. Kando yake safari hii aliandika: "Baba yangu, Ireri, haandiki mbuzi wake kwenye saba. Ndiye aliyenifundisha pia kutowahesabu. Isiondolewe. Nelius Ruguru Ireri." Mutegi akasoma, akakubali, mashine ikapika themanini. Jumamosi Nelius akaenda kwao na simu nyingine, akaiweka app mwenyewe, akampa baba yake kwa mikono miwili. Mzee alisoma namba chini ya screen, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaingia nayo ndani. Kuhusu yale mengine hakusema neno, na Nelius aliyekuwa amejitayarisha kuomba msamaha njia nzima aliishia kumsaidia kuandika upya watoto wa mbuzi.

Tulidhani yamekwisha. Wiki iliyofuata simu ililia nami nikaitambua namba mpya ya mzee, nikaweka spika. Ofisi ilikuwa imejaa, mlango uko wazi kwa ajili ya joto, na wateja wa duka la chini walikuwa ngazini wakipumzika kivulini.

"Ofisi, habari? Nani anaongea?" Huwa nauliza hivyo kwa mazoea tu.

Nyuma ya mzee mbuzi walikuwa wakilia.

"Nelius yuko hapo?"

"Yuko, mzee."

"Na watu wengine wako?"

"Wako."

"Basi muulize kwanza," akasema taratibu, "leo mimi ni nani."

Sikujua kama ni utani. Mpaka sasa sijui, kwa sauti yake hungeweza kujua. Nikageuka. Nelius alikuwa amesikia, wote tulikuwa tumesikia, na alikuwa ameinamia meza, viganja vimefunika uso mpaka masikio.

"Mwambie ni baba," akasema ndani ya mikono yake.

"Amesemaje?" mzee akauliza. "Hapa sijasikia."

Ningeweza kumrudishia maneno hayo. Ndiyo kazi yangu. Badala yake nikaisukuma simu pembeni mwa meza, na Nelius akainuka, akaja mpaka ilipo, akasema tena kwa nguvu, na wale wa ngazini wakageuka kutazama.